Mti Niliouchuna Ukafa

Ninyi vijana mnaokuja hapa kwangu na simu zenu mkitaka kunipiga picha, mkiniita "muzee wa musitu", leo kaeni kwanza. Picha tutapiga baadaye, mke wangu Masika akishapata nafasi ya kubadilisha nguo, avae kikwembe kizuri. Kuna jambo hamjaniuliza bado, na kwa kweli nilifurahi kwamba hamjaniuliza. Ule mti mkubwa kuliko yote, ambao bibi zenu wanausimulia, ni nani aliyeuua?

Ni mimi. Kambale, huyu huyu anayewagawia miche.

Msitu wetu mnaujua. Ukitoka Butembo kwa pikipiki kuelekea Vuhovi, vilima vyote vimevaa mikaratusi, maharagwe na mihogo. Kimoja tu, chetu, bado kina miti ambayo hakuna mtu aliyeipanda. Ilikuwepo kabla babu za babu zetu hawajafika hapa na majembe. Mizizi yake inashika chemchemi, na vijiji vitatu vinakunywa pale. Kwa hiyo wazee walikataza kukata mti mbichi. Kuni kavu, uyoga, majani ya dawa, hivyo ruhusa.

Nilipokuwa kijana mwenye mke lakini bado sina mtoto, mnunuzi mmoja alitoka mjini akitafuta maganda ya mti tunaouita ngote. Yalikuwa yakipelekwa Ulaya kutengenezwa dawa ya wanaume wazee ambao mkojo unawasumbua. Mnacheka. Chekeni tu, mtafika. Wazee wa kilima walikubali kwa sharti moja: kazi iongozwe na Muzee Kasereka. Kasereka alikuwa mtu mfupi, mwenye sikio moja lililochanwa na tawi, na hakuwa na haraka hata akinyeshewa mvua.

Alinifundisha hivi. Unagawanya mti kwa macho, kama mkate wa watu wanne. Unachuna fungu moja mbele na fungu moja nyuma, mawili mengine unayaacha. Unaanzia usawa wa kifua, unaishia chini ya tawi la kwanza. Panga linakata ganda la nje tu. Kuliinua unatumia kabari ya mbao, kamwe si chuma, kwa sababu chuma kinajeruhi ile ngozi nyeupe laini ya ndani, na hiyo ndiyo inayotengeneza ganda jipya. Halafu unauacha mti upumzike miaka, mpaka kidonda kifunge kabisa, ndipo unarudi kwenye yale mafungu mawili. Wakati wa mvua ganda linaachia lenyewe. Wakati wa jua linang'ang'ania, na mtu mwenye hasira anaharibu. Harufu yake inapanda puani kama muhogo mchungu uliotoka kumenywa. Mpaka leo Masika akimenya muhogo ule, mikono yangu inatafuta kabari.

Basi, mwaka ule Masika alikuwa na mimba ya kwanza, na nyumba yetu ya majani ilikuwa inavuja kitandani. Nilitaka mabati. Tulilipwa kwa gunia, na gunia halijazwi na upole. Kasereka akashikwa na homa, akalala kwake wiki nzima. Nikapanda peke yangu mpaka kwa Mukaka.

Mukaka maana yake ni bibi. Ndivyo watu walivyouita ule mti wa ngote, ambao wanaume watatu wakishikana mikono hawakuweza kuuzunguka. Nikachuna mbele, nikachuna nyuma. Ganda lilitoka vizuri, nene, jekundu kwa ndani. Nikaangalia pande mbili zilizobaki. Hakuna mtu aliyeniona. Nikajiambia kwamba mti mkubwa namna hii hauwezi kufa kwa sababu ya ganda. Jioni Mukaka alikuwa uchi pande zote, kutoka kifuani pangu mpaka tawi la kwanza, na mimi nilikuwa nashuka kilima nikiimba.

Kasereka alipopata nafuu alinikuta pale pale chini ya mti, nafunga magunia.

"Kambale, ni weye ulifanya hii?"

"Ndiyo, muzee."

"Ulishaona mutu banachuna ngozi yake yote, na anaishi?"

"Hapana, muzee."

Angenipiga ningeshukuru. Hakunipiga. Aliweka kiganja kwenye mti, akavua kofia, akaketi juu ya mzizi kama mtu aliyefika kwenye matanga. Nilisimama na kamba mkononi nisijue pa kuiweka.

Wazee walikutana. Baadhi walitaka faini ya mbuzi wawili, wengine walitaka nisikanyage tena msituni, hata kuokota kuni. Kasereka akasimama na homa yake ambayo haijaisha vizuri, akasema: "Huyu ni mimi nilimufundisha. Kama amekosa, basi sikumufundisha muzuri. Mbuzi munaomba, tutatoa mimi na ye." Kesho yake alileta mbuzi wake akiwa amemfunga kamba moja na wangu. Mimi nilikuwa naona haya kuliko wale mbuzi.

Adhabu yenyewe alinipa njiani, tukiwa wawili tu. "Kila siku ya posho utapanda kumuangalia. Mutu hapana kuua na kukimbia."

Basi kila Jumamosi nilipanda. Miezi ya mwanzo Mukaka hakuonyesha kitu. Majani yalikuwa mabichi, ndege wanakula juu, kima wanaruka. Nikaanza kumwambia Kasereka kwamba labda atapona. Kasereka alikuwa anakohoa tu. Kisha majani ya juu yakageuka rangi ya chai. Kisha matawi mawili yakakauka. Mabati nilikuwa nimeshayapata, na mvua ikiyapiga Masika alifurahi, alicheka na mtoto wetu mgongoni, lakini mimi sikuweza kuisikiliza ile mvua vizuri.

Mwaka uliofuata, Mukaka akiwa nusu amekufa, alichanua maua mti mzima. Sijawahi kuona tena jambo kama lile. Baada ya maua alizaa mpaka matawi yakainama, matunda madogo kama ya kahawa, mekundu yanayoelekea weusi.

"Muzee," nikamwuliza Kasereka, "juu ya nini anazaa hivi, na iko anakufa?"

"Juu anajua," akasema. Akaanza kuokota.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo nilipofanya ujinga wa pili. Mimi ni mtoto wa wakulima wa maharagwe. Mbegu, kwangu, ni kitu unachokausha vizuri, unatia kwenye chungu karibu na moto ili wadudu wasiingie, unangoja msimu. Nikakusanya kikapu kizima cha matunda ya Mukaka, nikayakausha juani, nikayaweka kwenye chungu, na mvua zilipoanza nikayapanda kwenye tuta refu ambalo Masika mwenyewe alinisifu. Nikamwagilia. Nikangoja mwezi. Nikangoja wa pili. Nikamwita katekista aje abariki. Akabariki. Masika akachimbua mbegu moja kwa kidole, akaivunja kwa meno, akaniangalia.

"Kambale, umepanda mawe."

Mbegu ya ngote haijui kulala. Inatoka kwenye tunda iko macho, na ukiinyima udongo siku nyingi inakufa. Hiyo sikuambiwa na kitabu, niliambiwa na lile tuta. Kikapu kizima, mbegu za mwisho za Mukaka, nilizimaliza mimi. Siku ile nililia, na sioni haya kuwaambia.

Kasereka akanishika mkono, akanipeleka karibu na chemchemi, mahali penye majani marefu ya kivulini. Akayafunua majani kwa fimbo. Chini yake kulikuwa na miche, majani mawili mawili, mingine manne, inang'aa kwa umande. Siku ile ile tulipookota, yeye alikuwa amekamua kiganja kimoja cha matunda kwa vidole na kuyafukia pale, bila kunena neno. Tuliihesabu mara mbili. Ilikuwa arobaini na mmoja.

"Uliniacha nipande mawe?" nikamwuliza.

"Sikujua kama yangu itaota," akasema. "Nilijaribu tu ivi."

Tangu siku ile niliacha kuchuna, nikawa mtu wa miche. Mnunuzi alipohamia vilima vingine sikumfuata. Ile arobaini na mmoja tuliipanda kumzunguka Mukaka, ambaye alikuwa amesimama mweupe kama mfupa. Alianguka siku ya upepo, miaka mingi baadaye, polepole, bila kuvunja mche hata mmoja. Nilikuwa pale. Nilisema "wasingya", kwa Kinande chetu, yaani asante. Sikujua neno lingine.

Kasereka alizeeka, na ugonjwa ule ule wa wanaume wazee ukamshika. Akaniita. "Kambale, niletee ganda." Nikapanda na kabari, nikasimama mbele ya miti ambayo tuliilea wenyewe, ya unene wa paja. Nikatoa kwenye mti mmoja kipande cha upana wa viganja viwili, nikakifunika kidonda kwa udongo mbichi. Akanywa chai yake wiki mbili. Halafu tulimpandisha pikipiki mpaka hospitali, maana chai peke yake haikutosha, wakamwekea mpira wa kupitisha mkojo. Nilipomtembelea alikuwa anawafundisha wagonjwa wenzake kuchuna ngote, mpira mkononi. "Docteur na muti," akaniambia, "banasaidiana. Hapana kuchonganisha." Aliishi miaka mitatu zaidi. Tulimzika siku ya mvua kubwa, na mimi ndiye nilibaki na funguo za pépinière, kitalu chetu cha miche, na kazi ya kulinda msitu.

Sasa niwaambie habari za Katungu, ambazo baadhi yenu mnazijua kwa nusu.

Watu walianza kufika kutoka upande wa Beni, wakikimbia mauaji, na magodoro kichwani. Katungu alitoka mbele ya Mavivi kidogo, yeye, watoto wanne, na mama wa mume wake. Mume wake aliuawa ndani ya shamba lao la kakao. Waliwekwa kwanza darasani, halafu wakajijengea kibanda cha turubai chini ya kilima. Kibanda kimoja kikawa ishirini, ishirini vikawa kijiji.

Asubuhi moja ya ukungu nilisikia panga juu. Nikapanda nikihema. Nikamkuta mwanamke mwembamba, kikwembe kimefungwa kiunoni, amekwisha kuangusha mti mmoja. Ulikuwa mmoja wa ile arobaini na mmoja.

"Mama, unafanya nini?"

Hakukimbia. "Niko natafuta kuni, muzee. Batoto banakula muhogo mubichi tangu jana."

"Hii miti hapana kukata!"

Akasimama wima, panga mkononi, akaniangalia kama mtu aliyechoka kuogopa.

"Kwetu banakata batu, muzee. Na weye uko nalia muti?"

Niliketi juu ya kile kisiki kipya, nikanusa ile harufu ya muhogo mchungu, na nikamwona Kasereka akivua kofia kama siku ile ya Mukaka. Nikasimama, nikamsaidia kukata matawi. Tulishuka pamoja, fungu moja kichwani kwake, moja begani kwangu.

Lakini kijiji kilituona. Kufika Jumapili, baada ya sala, watu walijaa mbele ya shapeli. Wengine walisema wageni wote wafukuzwe. Kijana mmoja, Muhindo, mwenye pikipiki, ndiye alisema kwa nguvu kuliko wote: "Bamekula kuni yetu, kesho batakula maji yetu!" Wengine walisema kinyume chake, na hao ndio walioniogopesha zaidi: kwamba msitu wenyewe ugawanywe mashamba, wageni wapate kwao, na sisi pia tupate, basi ugomvi uishe. Nilipowaangalia niliona wengi wanaitika kwa kichwa. Kilima kingekwisha kwa msimu mmoja.

Katungu alikuwa amesimama nyuma kabisa na mama mkwe wake, kikongwe aliyekuwa karibu haoni. Hakuna aliyewapa kiti.

Nikaomba neno. Nikawaambia mambo ambayo vijana hawakuyajua na wazee walikuwa wamenifichia kwa miaka yote: kwamba Mukaka niliua mimi, tena si kwa njaa, kwa mabati. "Na hamukunifukuza," nikasema. "Kuna mutu alitoa mbuzi yake juu yangu. Huyu mama alikata muti moja juu ya batoto. Kama ni kufukuza, muanze na mimi."

Nikaona maneno hayatoshi, maana maneno hayapiki muhogo. Nikasema: "Mikaratusi yangu iko pale ng'ambo. Bachukue kuni kule. Yote."

Masika akaruka kwenye kiti chake. Ile mikaratusi tuliipanda pamoja ili siku moja ipasuliwe mbao za masanduku yetu, yeye na mimi, tusiwasumbue watoto.

"Kambale! Na sisi batatuzika na nini?"

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, lakini sikuwa nimemwuliza kwanza, na alikuwa na haki. Masika aliangalia nyuma, kule kwenye yule kikongwe aliyesimama. Akachukua kiti chake mwenyewe, akapita katikati ya watu wote, akamkalisha. Aliporudi akasema, si kwa sauti kubwa: "Lakini chakula ya batoto iko mbele. Sanduku inaweza kungojea."

Baada ya hapo kila familia ikatoa mstari mmoja wa mikaratusi yake. Muhindo alikuwa wa mwisho, lakini alitoa miwili. Na msitu haukuguswa.

Katungu alikuja siku ya tatu mlangoni pa pépinière. Alisema amekata mti mmoja, anataka kupanda mmoja, halafu hana deni na mtu. Nikampa kazi ya kukamua matunda, nikamweleza kwa majivuno yangu yote kwamba mbegu hii haingoji.

"Muzee," akasema, "hii iko kama kakao. Kakao nayo hapana kungojea mutu."

Mimi ni mtu wa vilima vya baridi, kakao nimeiona kwenye magari tu. Yeye alizaliwa ndani yake. Nilikuwa nakamua kwa maji. Yeye alisugua mbegu kwa mchanga na majivu mpaka ute wote ukatoka, kwa sababu ute ndio unaoleta ukungu. Nilikuwa naondoa kivuli chote kwa siku moja, miche inaungua. Yeye aliezeka majani ya mgomba juu ya vitalu, akawa anatoa jani moja kila wiki, kama mama anayemwachisha mtoto ziwa. Katika miaka yangu mizuri nusu ya mbegu ilikuwa inaota. Msimu ule nilipita kwenye vitalu nikitafuta mahali patupu, sikupaona. Nilikaa chini nikacheka peke yangu. Miaka yote ile, na aliyenifundisha alikuja na panga.

Kwa hiyo mkisoma kazi, msiulize kwanza mwalimu anatoka wapi.

Yule mama mkwe alifariki mwaka wa pili, kwa amani, akiwa ameshika mkono wa Masika. Walikuwa wamekuwa marafiki wa kuketi juani. Hatukuweza kumrudisha kwao, njia haikuwa salama. Tulimzika hapa, kwenye makaburi yetu. Baadaye, njia ilipotulia kidogo, Katungu alipanda pikipiki kwenda kuona shamba lake. Nilidhani hatarudi. Siku ya sita alirudi na matunda mawili ya kakao kwenye mfuko. Akaingia moja kwa moja vitaluni.

Mwaka huu magoti yangu yalikataa kilima. Nilikiomba kijiji kichague mtu mwingine wa kulinda msitu na kushika miche. Tukakutana tena mbele ya shapeli. Nilikuwa nimejiandaa kumtaja Katungu, nikiogopa watakavyosema, lakini kabla sijafungua mdomo Muhindo alisimama. Sasa ana mvi mbili tatu na bado anaendesha pikipiki.

"Mi naona ni Mama Katungu," akasema. "Nani mwingine anajua?"

Katungu akainuka haraka, kama aliyesingiziwa. "Hapana, baba. Wasingya, lakini hapana. Mi si mutu wa hapa."

Nikaona wazee wanaangalia viatu vyao, maana kwetu Wanande ardhi ni ya ukoo, na yeye hakuwa wa ukoo wetu. Ndipo Masika aliposema, bila kuinuka kwenye kiti:

"Mama ya mume wako, tulimuzika wapi?"

"Hapa," akasema Katungu.

"Nani analimia kaburi yake?"

"Ni mimi na weye, mama."

"Basi mutu mwenye kaburi hapa, ni wa wapi?"

Katungu akabaki amesimama. Kisha akafunika uso kwa ncha ya kikwembe, akalia mbele ya watu wote, mabega yanapanda na kushuka, na hakuna aliyemharakisha. Nilitoa funguo mfukoni, nikamtia kiganjani, nikakifunga kiganja chake kwa mikono yangu miwili.

Alipotulia alijifuta macho, akavuta pumzi, akaniangalia, akasema kwa ile sauti yake ya kazi.

"Muzee, kesho tunaanza saa ngapi?"

"Sijui," nikamwambia. "Ni weye utasema."